Uaminifu wa Bwana Pruett

Ripley, Ohio
19 Juni 1864

Mdogo wangu Absalom,

Sisi wazima, na wewe tunakuombea uzima. Mume wangu Ephraim goti linamsumbua tangu baridi ya mwaka jana, ila kiwandani kwenye ngozi anakwenda, na ulimi wake hauna ugonjwa wowote. Bi Delphy, yule niliyevuka naye mto tukitoroka Kentucky, amefariki mwezi wa nne. Alifia kitandani kwake mwenyewe, juu ya shuka alizozinunua mwenyewe, na alinisisitiza nikufikishie habari hiyo hivyo hivyo.

Haya. Nasikia umevaa sare. Sikuambiwa na wewe, niliambiwa na mhubiri mmoja aliyepita hapa akitokea Lexington. "Mdogo wako ni askari wa Muungano," akasema, meno yote nje, utadhani kaniletea keki. Nikamshukuru, nikamtilia kahawa, nikaingia jikoni kusonya.

Hebu nieleweshe, labda mimi ndiye mjinga. Rais alitangaza kwamba watumwa wa majimbo yaliyoasi wako huru. Kentucky haikuasi. Kentucky ilikaa katikati mwaka wa kwanza wa vita, ikasema haipo upande wowote, ikawauzia kamba na nyumbu pande zote mbili, kisha ilipoona mambo yanakoelekea ikajitangaza mwaminifu. Kwa hiyo mtumwa wa muasi kule Alabama ni mtu huru, na mtumwa wa mtu mwaminifu hapo wilayani Bourbon, Kentucky, anaendelea kuvunja katani. Bwana Pruett ameipenda serikali, na serikali kwa shukrani imemwachia watu wetu. Hiyo ndiyo serikali uliyokwenda kuibebea bunduki?

Na usiniambie kuhusu uaminifu wa Thornley Pruett. Nimefuta vumbi kwenye sebule ile miaka tisa. Mtoto mmoja, Lyle, kampeleka kwa wa buluu, jeshi la Muungano. Mwingine, Harlan, kampeleka kwa wa kijivu, waasi. Atakayeshinda atamkuta Pruett mlangoni na chupa mkononi. Nasikia picha za wote wawili ziko juu ya meko, na wakipita wa buluu ile ya Harlan inageuzwa uso ukutani, wakipita wa kijivu inageuzwa ya Lyle. Mtu mzima, na ndevu zake.

Najua ukiandikishwa jeshini wewe unakuwa huru. Hongera. Na mwanao Dorcas je? Na yule msichana wa jikoni? Sheria imekufungua wewe peke yako, hao wawili imewaacha kwa Pruett, na Pruett sasa ana hasira na wewe. Ulilifikiria hilo, au ulivutiwa na vifungo vya shaba? Miaka sita iliyopita nilikungoja ghalani usiku ule tuliokubaliana, ukaniletea maneno kwamba humwachi msichana huyo. Mimi nikavuka, wewe ukabaki kwa ajili yake. Sasa umeondoka bila yeye. Ungeamua moja.

Dada yako,
Keziah


Kambini, Kentucky
30 Julai 1864

Dada Keziah,

Shikamoo. Mimi mzima, chakula kipo, nyama ya chumvi na mikate migumu ambayo ukiiloweka kwenye kahawa wadudu wanaelea wenyewe. Poleni kwa Bi Delphy. Mpe shemeji pole ya goti. Naandika kwa mkono wangu, kuna shule hapa baada ya gwaride. Ukicheka herufi zangu, cheka kimya.

Pruett alikuja kambini wiki niliyoandikishwa. Alivaa koti lake jeusi la kanisani. Unajua kilichomleta? Mwenye mtumwa aliyejiunga na jeshi hulipwa fidia, mradi aape kwamba ni mwaminifu kwa Muungano. Akainua mkono mbele ya karani, sauti ikatetemeka, machozi kidogo. Mimi nimesimama pale na sare yangu kama ng'ombe anayesubiri kupimwa. Karani akamuuliza, "Una ndugu yeyote upande wa waasi?" Pruett akasema, "Nina kijana mmoja mgonjwa wa akili." Harlan huyo, dada! Yule aliyesomeshwa chuo, aliyekuwa akitusahihisha matamshi.

Unauliza nabebea bunduki serikali gani. Sijui. Ninachojua ni kwamba Pruett alipotoka pale alinikuta mlangoni, akanitazama, akafungua mdomo anitume kitu, kwa mazoea tu, kisha akaufunga. Kwa sasa hiyo inanitosha.

Sasa sikiliza ombi langu. Pruett anataka kumkodisha mke wangu Tamar siku ya mwaka mpya. Unaikumbuka siku hiyo, tulivyosimamishwa mbele ya mahakama, kila mtu na tajiri wake mpya wa mwaka mzima. Safari hii anasema atampeleka kusini kabisa, karibu na Tennessee, na Dorcas atabaki. Nikipata njia ya kuwafikisha mtoni kabla ya hapo, uwapokee. Dorcas ana miaka minne, anaongea kuanzia anapoamka, hilo karithi kwako. Nijibu upesi.

Mdogo wako,
Absalom


Ripley
11 Septemba 1864

Absalom,

Barua yako ilichelewa, na mimi nikachelewa zaidi, kazi ni nyingi. Tuko salama. Mahindi yametoka vizuri. Kanisani tumepata paa jipya.

Nina habari itakayokufurahisha. Mwanamke anayeniletea nguo kutoka Maysville amenihadithia mambo ya Bourbon. Wapanda farasi wa kijivu walipita huko mwezi wa sita, na Harlan akiwa nao. Pruett akatoka mbio kugeuza picha ya Lyle, akafungua pipa, akamkumbatia mwanawe kwa kilio. Wale wakanywa, wakalala, asubuhi wakaondoka na farasi wake wote wa mbio. Harlan ndiye aliyewaonyesha zizi la nyuma. Alimwachia baba yake karatasi ya waasi ya malipo, haifai hata kufungia sabuni. Na Pruett, usicheke ukaanguka, amepeleka madai kwa serikali ya Muungano alipwe yeye, kwa kuwa ni mwaminifu.

Weupe wa huku nao si wa kusifiwa. Wanalia wakisikia nyimbo za uhuru, wananiita "Keziah mpendwa", na nikikaa kwenye benchi lao stesheni wanakumbuka ghafla kwamba wanapenda kusimama. Mto ule hautenganishi watu wabaya na wazuri. Unatenganisha wanaokuuza na wasiotaka kukaa nawe.

Kuhusu lile uliloniomba. Nyumba hii ni ndogo, na goti la Ephraim linataka nafasi. Halafu huyo msichana mwenyewe kakubali? Namfahamu. Mara ngapi aliambiwa atoroke, akauliza nani atampikia Bi Pruett mikate yake? Mtu wa namna hiyo ukimvusha mto, kesho anatafuta daraja la kurudi.

Keziah


Kambini
8 Novemba 1864

Dada,

Shikamoo. Natumaini mahindi yameingia ghalani yote.

Tulipelekwa Virginia mlimani, kwenye visima vya chumvi vya waasi. Njia nzima askari weupe wa upande wetu walikuwa wanatupora kofia na kuzitupa matopeni, wakituuliza kama bunduki zetu tunazishika kama majembe. Tulipofika tukapanda kilima kuwashambulia. Wengi walibaki juu. Kesho yake waasi walipita kwa majeruhi wetu waliolala chini wakawamaliza mmoja mmoja. Wakati wa kurudi hakuna aliyegusa kofia ya mtu. Mmoja alinipa tumbaku. Sikuichukua.

Nimerudi kambini nikawakuta Tamar na Dorcas. Pruett alimpiga kwa sababu yangu, kila Jumamosi, akimwambia kila fimbo ni salamu za mumewe askari. Jumamosi ya nne Tamar aliweka mikate ya Bi Pruett motoni, akamfunga Dorcas mgongoni, akatoka. Ametembea mpaka hapa. Mikate nadhani iliungua.

Nimewajengea kibanda kwa mbao za masanduku. Yeye anafulia wanajeshi. Dorcas anasalimia kila afisa kwa jina la farasi wake, anadhani ndiyo majina yao. Kwa hiyo usisumbuke, hatuhitaji nyumba yako. Goti la shemeji lilale kwa raha.

Absalom


Ripley
6 Desemba 1864

Absalom, mdogo wangu,

Safari hii salamu ni fupi. Gazeti limesomwa kanisani jana. Linasema kambini kwenu wanawake na watoto wa askari walifukuzwa mwezi uliopita, baridi ya kupasua mawe, wakapakiwa kwenye magari ya jeshi wakamwagwa barabarani, na vibanda vikavunjwa na kutiwa moto wasirudi. Linasema sababu iliyotolewa ni kwamba hao bado ni mali ya watu waaminifu wa Kentucky, na kambi haiwezi kuhifadhi mali ya watu.

Nimesoma mistari hiyo mara nyingi nikitafuta jina. Magazeti yao hayatuandiki majina.

Wifi yangu yuko wapi? Dorcas yuko wapi? Jeshi gani hili, baba yumo mlimani anapigwa risasi kwa ajili yao, nyuma wanachoma kitanda cha mwanawe? Hata Pruett hakutuchomea vibanda. Si kwa wema, mbao zilikuwa zake.

Yale ya mwezi wa tisa yafute. Nyumba ina nafasi. Ephraim amehamishia vifaa vyake vya ngozi bandani, hata sikumwambia. Niandikie mstari mmoja tu.

Dada yako,
Keziah


Ripley
2 Januari 1865

Absalom,

Heri ya mwaka. Ephraim anakusalimu. Jana ilikuwa siku ya kukodisha watu kule ng'ambo. Nilisimama ukingoni asubuhi nzima nikiitazama Kentucky, mto umeganda pembeni, sikuona kitu. Hujanijibu. Kama ni hasira, nitukane, lakini andika.

Keziah


Kambini
29 Januari 1865

Dada Keziah,

Shikamoo, na heri ya mwaka kwenu nyote. Barua zako mbili nimezikuta hapa. Tulikuwa milimani tangu katikati ya Novemba, nimerudi majuzi, vidole viwili vya mguu vimekufa kwa baridi ila daktari anasema sivihitaji. Yeye ana vyake vyote kumi.

Kambi imebadilika. Magazeti yaliwaaibisha wakubwa, sasa wameruhusu familia zirudi, wanajenga mabweni marefu meupe, wageni kutoka Cincinnati wanaletwa kuyaona. Afisa aliyekuwa akisema wanawake wetu ni kero sasa ndiye anayewatembeza wageni na kuwaambia, "Tunawapenda sana hawa." Kuna supu mara mbili kwa siku. Kuna mwalimu mpya ambaye anapiga kinanda vibaya. Sajenti wetu amepandishwa cheo. Mvua ya barafu ilivunja mti mkubwa karibu na zizi.

Tamar yupo. Anafua. Haongei sana.

Viatu nilivyopewa ni vya miguu miwili tofauti.

Absalom


Ripley
20 Machi 1865

Mdogo wangu,

Huku salama. Barafu imeyeyuka, meli za mvuke zinapita tena.

Umeona sheria? Mwezi huu huu wamepitisha: mke na watoto wa askari wako huru, awe bwana wao mwaminifu au muasi. Wamechukua karibu miaka minne kugundua kwamba askari huwa na familia. Kentucky nzima inapiga kelele kwamba imeibiwa. Wale waliokula kiapo kwa machozi sasa wanaitukana serikali hadharani, kwenye ngazi za mahakama ile ile tulikokuwa tukikodishwa. Uaminifu wao wote ulikuwa sisi. Tulipoondolewa, hakukubaki kitu.

Yule mwanamke wa Maysville anasema Pruett anazunguka akidai kwamba Tamar si mke wa mtu, kwa kuwa sheria ya Kentucky haitambui ndoa ya watumwa. Mjiandae.

Absalom, umeniandikia habari za supu, kinanda, mti na viatu. Hukunitajia mtoto. Nilijiapiza nisiulize. Nauliza.

Dada yako,
Keziah


Kambini
7 Aprili 1865

Dada yangu Keziah,

Shikamoo. Richmond imeanguka na kambi nzima imelewa, hata Pruett nasikia amewasha mioto shambani kwake kusherehekea ushindi wake. Mimi mzima. Tunaambiwa tutapelekwa mbali, wengine wanasema Texas. Kwa hiyo nimempa Tamar akiba yangu, na ataingia Ripley kwa meli ya Jumatano. Atakuwa na kitambaa cha kijani kichwani. Mpokee, usimuulize kitu, mpe kazi. Ninayokuandikia hapa yeye ameniruhusu, ili asihitaji kuyasema.

Jumatatu tulikwenda mbele ya kapteni anayeandikisha wake na watoto chini ya hiyo sheria mpya. Kijana wa Vermont, mafua yamemshika, mezani ana leso tatu. Pruett akaja na koti lake jeusi, na shahidi, Bwana Strode jirani yake, mzee wa kanisa anayejivunia kwamba hajawahi kusema uongo.

"Kapteni, mimi ni mtu mwaminifu," Pruett akaanza. Bado analo hilo neno. "Sheria siipingi. Sheria inasema mke. Huyu hana mume. Watumwa hawaoani Kentucky, hawajawahi kuoana. Muulize Bwana Strode."

Strode akaapa, akasema ndivyo ilivyo kisheria.

Tamar alikuwa hajasema neno tangu asubuhi. Akamgeukia Strode. "Bwana Strode, Krismasi ile uliponikanyaga gauni ulikuwa unacheza nini?"

"Krismasi gani?"

"Ile uliyokula bata mzinga ukaomba paja la pili. Mimi ndiye niliyempika, bwana. Na gauni lilikuwa jeupe."

Kapteni akapenga kamasi. "Jibu, mzee. Ilikuwa sherehe ya nini?"

Strode akamtazama Pruett. Pruett akatazama dari. Kiapo kikamkaa Strode kooni. "Harusi," akasema.

"Ya nani?"

"Ya... ya hawa wawili."

"Nani aliwafungisha?"

Strode akanyoosha kidole kidogo tu, kwa aibu, kumwelekea Pruett.

"Mzaha ule!" Pruett akapasuka. "Mzaha wa Krismasi! Niliwaalika wageni tucheke! Hata Biblia sikushika, nilishika kalenda ya mkulima! Niliwaambia mpaka kifo au umbali uwatenganishe! Kila mtu alicheka!"

"Sisi hatukucheka," Tamar akasema.

Wewe ulikuwa umeshavuka, dada, hukuiona. Sebule imejaa, mishumaa, Pruett na kalenda yake anatusomea bei ya nguruwe kwa sauti ya kasisi, wanawake wanafuta machozi kwa kicheko. Alifurahia sana ujanja wake hata akaalika nusu ya wilaya. Wote hao ni mashahidi. Alitufungisha vizuri kuliko kasisi yeyote, huyo mpumbavu.

Kapteni akafungua sheria, akasoma, akasema inataka sherehe ya ndoa ya aina yoyote, na haisemi kwamba wageni wawe wamenuna. Akachovya kalamu, akaandika Tamar, mke wa Absalom. Kisha akauliza, bila kuinua kichwa, "Watoto?"

"Mmoja," Tamar akasema. "Dorcas. Miaka minne."

"Yuko nje? Mlete."

Ndipo hapo, dada. Nilikuwa nakukwepa kwa ajili ya hapo.

Siku waliyofukuzwa mimi nilikuwa mlimani nalinda nyumbu wa jeshi. Nyumbu waliouzwa na Pruett, nawajua mmoja mmoja, niliwalea. Nilikuwa nawafunika mablanketi. Magari yaliwashusha Tamar na Dorcas barabarani, wakalala kwenye banda lisilo na mlango pamoja na wanawake wengine. Dorcas alikuwa bado analo koti langu la zamani. Alikohoa usiku wa kwanza na wa pili, wa tatu akaacha. Ardhi ilikuwa imeganda. Tamar na wanawake wawili walimchimbia kwa ubao wa pipa. Nilipoonyeshwa mahali, theluji ilikuwa imefunika, tukabishana ni wapi hasa.

Tamar akamwambia kapteni, "Hayuko nje. Mwandike."

Pruett akaelewa kabla ya kapteni. "Huyo amekufa," akasema, tena kwa furaha, kama aliyepata kosa kwenye hesabu ya mwenzake. "Kapteni, huwezi kumwacha huru maiti. Alikufa akiwa mali yangu."

"Ndiyo," Tamar akasema. "Alikufa akiwa wako. Sitaki abaki wako."

Strode alikuwa ameinamisha kichwa. Kapteni alikaa na kalamu hewani mpaka wino ukadondoka, akaifuta, akaichovya upya, akaandika Dorcas, akauliza jina la baba kana kwamba hakunijua, nikalitaja, akaliandika na hilo. Akageuza daftari Tamar alione. Tamar hajui kusoma. Aliweka kidole juu ya jina akasubiri mpaka nilipomwambia ndilo lenyewe.

Pruett akachukua kofia yake. Akafika mlangoni, akasimama, akafikiri, akarudi. Akasema, kwa heshima zote, "Kapteni, kwa kuwa sasa mtoto ameandikwa, je, fidia yake mtu mwaminifu anaidai hapa kwako, au Lexington?"

Nilikuwa na bunduki, dada, na ilikuwa na risasi. Tamar alinishika mkono wa kulia kwa mikono yake miwili, akauminya hivyo hivyo, mpaka Pruett alipopanda farasi wake akaondoka.

Mdogo wako,
Absalom